Shikamoo, Babo

Jumatatu, 4 Machi

Nimesema jambo, na jambo likishasemwa halirudi mdomoni.

Asubuhi jirani yangu Mama Marashi (harufu yake hufika kwanza, yeye baadaye) kaja kujaribu gauni. Nikiwa nampima kiuno akanipasha kwamba mpwa wake anasomeshwa Kikorea na mwalimu wa kukodi. Jumamosi kuna usaili maktaba. Darasa la bure mwaka mzima, mwalimu Mkorea mwenyewe, nafasi imebaki moja. Nikamwambia binti yangu naye yumo, na hajakodi mtu! Mwezi wa nane huu anajifundisha mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Alfajiri kabla ya kwenda kuuza duka la dawa, na jioni akirudi miguu imevimba. Huo ni ukweli mtupu. Ningeishia hapo, ningekuwa mwanamke mwenye amani.

Mama Marashi akacheka kwa pua. Akauliza mtoto huwa anazungumza na nani hicho Kikorea, na cherehani? Nikamjibu anazungumza na mimi. Nyumba hii hata chumvi tunaombana kwa Kikorea!

Akasema vizuri sana. Wazazi wanaruhusiwa kuingia. Atakaa mbele anisikie.

Sijui neno hata moja. Nina siku tano. Lakini darasa la saba nilimaliza wa tatu, na wa pili alinakili kwangu. Kikorea ni nini?

Jumanne, 5 Machi

Hazina ninayo ndani! Binti amebandika vikaratasi nyumba nzima. Juu maandishi ya Kikorea, kama vijumba vyenye madirisha. Chini matamshi kwa herufi zetu. Alipoondoka tu nikaacha suruali ya mteja mguu mmoja, nikaanza masomo.

Pakiti ya maziwa: uyu. Tango: oi. Wanaliita kama mtu aliye ng'ambo ya barabara! Kofia ya baba yake: moja. Nikajua anahesabu. Nimeitafuta kofia ya pili mpaka mvunguni.

Halafu nikakuta kosa. Kwenye mguu wa meza kaandika dari! Uchovu huo, maskini mwanangu. Nikaweka kiti juu ya meza, nikapanda, nikakibandika darini kunakohusika. Mama ndiye mwalimu wa kwanza.

Jioni Binti akakitafuta, akakitafuta, akainua macho. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wateja matone ya macho, kwamba kwa Kikorea dari ni mguu na moja ni kofia. Nikamuuliza, kama dari ni mguu, basi dari yenyewe wanaiitaje, goti? Baba yake akatoka ghafla kwenda uani. Alisema anaangalia mawingu. Mawingu hayakuwepo.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimelowesha pindo la gauni la watu kwa machozi.

Alfajiri Binti alikuwa anapiga pasi koti lake la dukani huku anakariri. Kila akikosea anajipiga kofi la paji la uso na kusema: babo! Anarudia. Anakosea. Babo! Mara sita nilihesabu.

Ikaniingia. Babu! Marehemu baba yangu, aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kuhesabu kwa vifungo vya mkebe wangu. Mtoto akikwama anamwita babu yake! Na Wakorea nao kumbe wanatamka karibu vilevile. Babu, babo. Dunia yote ni ndugu, tumetofautiana herufi tu.

Sikumuuliza. Mengine hayaulizwi. Nimeandika kwa chaki ya kukatia, pembeni mwa meza: BABO, MZEE WA HESHIMA. Neno la kwanza nililojifunza kwa akili yangu mwenyewe, bila kikaratasi!

Alhamisi, 7 Machi

Mpwa wa Mama Marashi anasomea uani kwao, na ukuta wetu ni mmoja. Nikategesha sikio. Anatiririka kama redio!

Nina cherehani kongwe ambayo ikikimbizwa inanguruma kama kinu cha kusaga kokoto. Nikaiburuta mpaka ukutani. Nikakanyaga. Saa mbili nzima, bila uzi, bila kitambaa. Upande wa pili kimya! Nikaimba kidogo.

Kumbe Binti alikuwa chumbani. Leo ndiyo siku yake pekee ya mapumziko, na alikuwa anafanya zoezi la kusikiliza, kwa vile visikizio vinavyosikika upande mmoja tu. Hakuambulia hata sentensi. Mpwa yule naye, kama nilivyokuja kujua, alikuwa amehamia zamani chumba cha mbele, kwenye feni.

Baba yake akasema mchimba kaburi huingia mwenyewe. Akarudi kwenye gazeti lake.

Binti hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alikaa kwenye kiti cha wateja akaniambia kwamba nafasi hii ikimpita, hajui kama mwakani atakuwa bado na nguvu za kuamka kabla ya jogoo. Kwa simu amefika mwisho wa njia. Anahitaji mtu wa kumsahihisha. Alisema bila kulia, huku anaokota vipande vya nyuzi sakafuni. Nikaiburuta cherehani mpaka mahali pake pa zamani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemshonea gauni la bluu lenye kola. Akilivaa anaonekana kama ameshafaulu.

Wakati wa kujaribu akanishika mikono. Akaniomba nimwahidi: kesho nije, nikae, lakini nisiseme neno. Hata moja. Nikataka kumwambia moja ni kofia. Nikajizuia. Nikaapa sitasema neno.

Nimefikiria baadaye. Shikamoo na babo ni maneno mawili.

Jumamosi, 9 Machi

Chumba cha maktaba. Viti vya plastiki. Mama Marashi mbele, kajimiminia chupa nzima mpaka mkutubi anapiga chafya. Mwalimu ni mzee wa mvi tupu, kalamu tatu mfukoni. Nilimpenda palepale. Anafanana na marehemu baba yangu, ukitoa sura.

Mpwa akaanza. Maji! Hakujikwaa popote. Mwalimu akamuuliza kitu. Akaanza tena kutoka mwanzo, vilevile. Mwalimu akauliza kingine. Akaanza tena. Mama Marashi alipiga makofi mara zote tatu.

Zamu ya Binti. Mwalimu akauliza. Binti akafungua mdomo. Hamna. Mzee akarudia taratibu. Hamna! Miezi minane, alfajiri zote zile, na mwanangu amekwama mbele ya Mama Marashi. Kisha nikaona mkono wake unapanda kwenye paji la uso, na midomo inajikusanya. Anamwita babu yake!

Mama gani angekaa?

Nikasimama. Nikainama mpaka miwani ikaning'inia sikio moja. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye rafu za mwisho: Shikamoo, babo!

Mzee akajigusa kifua, akauliza kwa Kiswahili chake kidogo kama nasema na yeye. Nikamhakikishia ni yeye hasa. Babo! Babo mkubwa kabisa!

Hapo Binti akafunguka. Kikorea kilimtoka kama bomba lililokuwa limezibwa na tambara. Ananinyooshea mimi kidole, anaonyesha dari, anaonyesha mguu wake, anaonyesha kichwa. Nikasikia babu. Nikasikia babo. Nikasikia moja. Mzee akalala kifudifudi juu ya meza. Nikadhani kazidiwa, nikatafuta maji. Kumbe anacheka! Akajifuta machozi, akauliza. Binti akajibu. Akauliza tena, Binti akajibu naye akicheka, na mikono sasa inazungumza kama ya mtu aliye kwao. Nusu saa! Mwisho mzee akachomoa kalamu moja kati ya zile tatu, akaandika jina la mwanangu.

Nilipiga vigelegele. Mkutubi alinitoa nje. Nilitoka nikiendelea.

Njiani Binti akanishika mkono, akaniambia niliyoyafanya. Babo ni mjinga. Alikuwa anajitukana yeye mwenyewe. Mwalimu kasema amefundisha miaka arobaini na hajawahi kuamkiwa na kutukanwa kwa pumzi moja. Tukafika kona ya duka la dawa. Binti akaniegemea bega, akaniambia bila mimi asingepata cha kusimulia.

Bila mimi. Kasema mwenyewe, nimeandika hapa.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari kutwa, na hesabu haikubali. Mzee mzima akiitwa mjinga mbele za watu hununa. Yule alicheka mpaka machozi. Kwa hiyo babo ni neno la heshima, heshima ya ndani sana, na Binti bado hajalifikia. Simlaumu. Hata darasa hajaanza! Mimi nimeshalitumia kwa Mkorea mwenyewe, na limefanya kazi.

Shukrani lazima itolewe. Binti yuko zamu, baba yake kalala. Nimemshonea mwalimu moja, yaani kofia, ya bluu, kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni. Mbele nimetarizi babo kwa uzi mwekundu, kwa herufi zao zilezile. Nimenakili kutoka daftari la Binti. Kaliandika pembeni mwa kila ukurasa, na matamshi chini yake, mtoto anavyoheshimu wazee!

Mama Marashi kachungulia dirishani, macho mekundu. Akauliza neno hilo ni nini. Nikamweleza. Akasema nimshonee mbili, yake na ya mpwa wake, na yake iwe na herufi kubwa zaidi. Nikamwambia nitampa zote kwa moyo mmoja. Ujirani ni ujirani.

Kipimo cha kichwa cha mwalimu sina, basi nimeijaribu kichwani mwangu. Nimesimama mbele ya kioo, nikageuka kushoto, nikageuka kulia.

Imenienea barabara. Utadhani nilipimwa mimi.