Mkato wa Nne

Jumatatu, 2 Septemba. Kambini, msitu wa Ugalla
Daktari Imakulata ametangaza. Jumatatu ijayo anabakiza msaidizi mmoja tu. Tuko wawili, mimi na Yunus wa Karema. Yunus ni mtu wa ziwani, msitu haujui. Lakini anaamka saa kumi alfajiri, na hapo ndipo anaponishinda. Kazi yenyewe ni kuokota kinyesi chini ya viota vya sokwe, kukitia kwenye vichupa na kuandika namba ya kiota. Humo mna jeni. Daktari anazisoma kwa kimashine chake, ajue sisi na sokwe tuliachana wapi kwenye akili. Leo nimeokota kinyesi kimoja nikakigawa vichupa kumi. Viota kumi bila jasho. Najipongeza.

Jumanne, 3 Septemba
Aibu. Daktari ameniuliza mbele ya Yunus ni sokwe gani huyo aliyelala viota kumi usiku mmoja. Nikasema labda tumbo lilimsumbua. Hakucheka. Akatueleza kwamba zamani sana jeni moja ilijinakili ndani ya wazee wetu, nakala ikatoka na kosa, na kosa hilo ni mojawapo ya yaliyotukuzia ubongo. Sokwe hana nakala ile. Kumbe binadamu ametokana na kunakili vibaya! Mimi darasa la sita nilichapwa kwa jambo hilohilo.

Kuanzia sasa kila kichupa kiende na picha ya kiota. Sawa. Mchana nimepanda mti karibu na njia nikajenga kiota changu mwenyewe. Mrina asali kama mimi hashindwi na mti. Nilipomaliza, mkono kwa mazoea ukachonga kwenye tawi alama ya mizinga ya ukoo wetu, mikato mitatu. Marehemu baba alichonga hivyo kila mzinga, wezi wajue ni wa nani. Nimekumbuka nikiwa njiani kwamba itaonekana pichani. Nikaona uvivu kurudi.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimekwenda kuifuta ile alama. Kando ya kiota changu kuna kingine. Matawi yamekunjwa vilevile, hata lile nililolikosea. Na alama ipo. Mikato minne. Hata nyuki sikuwasikia.

Nikajua ni Yunus ananichezea. Halafu nikakumbuka Yunus yuko Mpanda tangu jana, kapeleka pikipiki ya kambi kwa fundi. Ndani ya kiota kulikuwa na masega yaliyotafunwa, mate hayajakauka. Nikayatia kwenye kichupa. Kazi ni kazi.

Ijumaa, 6 Septemba
Daktari amenikalisha hemani akaniuliza kama ni mimi niliyetafuna yale masega. Nikaapa siyo. Akasema mate ni ya mtu, na yanalingana na yangu aliyoyachukua siku naanza kazi, ili asichanganye jeni zetu na za sokwe. Yanalingana kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Ile jeni aliyotusimulia, huyu ana nakala moja zaidi. Nikamuuliza kama maana yake ananizidi akili. Akasema sayansi haiendi hivyo, na huenda kimashine kimeharibika. Lakini alinitazama usoni muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nimekasirika. Sipendi kuzidiwa na mate.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimeamka saa tatu. Mezani kwa Daktari kuna vichupa ishirini vyenye mwandiko wangu, ila herufi zimenyooka. Kamera imejaa picha za viota. Daktari amenishukuru kwa kuwahi, akasema hajawahi kunisikia nikieleza mambo vizuri kama leo alfajiri. Nikasema asante.

Yunus, aliyerudi jana, hataki kukaa karibu nami. Anadai alinikuta mtoni nikamsalimia kwa heshima, jambo ambalo sijawahi kumfanyia, na alipofika kambini akanikuta nakoroma. Wivu huo.

Jumapili, 8 Septemba. Nyumbani
Nimeomba chakula. Mke wangu Dorika akasema nimeshakula. Nikamwambia ndiyo kwanza nafika. Akanionyesha sahani, kuni zilizopasuliwa, na mlango uliolegea tangu Pasaka, sasa umekazwa. Alikuwa na furaha usoni ambayo sijaiona siku nyingi. Aliponitazama vizuri ikapungua. Akauliza taratibu kwa nini nimerudi.

Hilo limeniuma, nakiri. Nimekaa uani kwa hofu nikitazama njia hadi jua likashuka. Hakuja mtu.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimeshinda! Daktari ananibakiza mimi. Yunus anafunga mizigo wala haniagi. Kesho saa mbili natakiwa kusaini mkataba na kutoa mate upya, Daktari aondoe wasiwasi wake.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Nikitoa mate yangu haya ya kawaida, atajua kwamba yupo mwingine, na vile vichupa ishirini ni vyake. Bora akatoe yeye. Naandika haya nikiwa juu ya mti, kwenye kiota chake. Hayupo. Nimemtundikia tawini shati langu la kambi na kitambulisho. Ufunguo wa nyumbani nao nimeuweka, maana shughuli ikichelewa Dorika hapendi kusubiri. Nikimaliza mstari huu namwachia na shajara, ajifunze saini.

Mimi nitajinyoosha humu. Majani yake ni laini kuliko godoro langu. Akirudi ataniamsha.