Mawe ya Redio Hayakai Matanga

Mwanga, Kigoma
Juni 1975

Kwa Ndugu Shemeji Skolastika,
Kijiji cha Ujamaa, Simbo.

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu, magunia ya bandarini hayaishi. Naandika mwenyewe, kisomo cha watu wazima kimenifikisha hapa. Nina malalamiko. Nayaweka kwa namba usije ukaruka.

1. Siku tuliyomzika mdogo wako Rozalia, mke wangu, ulichukua redio ukaifunga kwenye kaniki, ukaitia sandukuni. Ukasema nyumba ya msiba haina redio mpaka matanga yaondolewe, baada ya mavuno. Sikukataa. Nilisema tu mawe yatolewe kwanza. Ukanijibu mbele ya watu: mke hajapoa, wewe unawaza betri. Watu wakaguna.

2. Juzi matanga yameondoka, nimefungua. Mawe yamevimba, yamepasuka, yametoa maji. Springi zimeota unga wa kijani. Kaniki imetoboka. Redio haisemi, hata kukoroma haikoromi. Nikitoka kazini, nyumba nzima anayepiga kelele ni sufuria.

3. Msiba wote huu, waliolia mpaka wakapasuka ni mawe. Wewe ulilia asubuhi, mchana ukauliza nyama iko wapi.

4. Kwa hiyo naomba ukoo wenu upitishe sheria. Mtu akifa, mawe yatoke kwenye redio na tochi, yafutwe, yawekwe pakavu. Halafu ndiyo maiti ioshwe. Bora zaidi yatoke mapema, mgonjwa akianza kukataa uji. Mjumbe wa nyumba kumi apite kukagua. Mimi nikiumwa, toa mawe kwanza, ndiyo uite daktari. Na kijana akija kuposa kwenu aulizwe: ukisafiri, mawe unayaacha wapi? Akisema ndani ya redio, mnyimeni mke. Huyo hajui kutunza kitu.

5. Mpaka sheria ipite, usikanyage kwangu.

Msalimie shangazi Margareta, na Feliksi na mguu wake. Wengine wote wanaokaa na wewe, wape pole.

Ni mimi mgane wenu,
Leonardi

Nimesahau. Barua ilikuwa bado haijaondoka, fundi Nikodemu akakwangua zile springi kwa msasa, akafuta, tukatia mawe ya kuazima kwa Hamdani. Redio imesema. Imesema mihogo ipandwe kwa mistari. Nikakaa nangoja mtu aibishie. Rozalia, habari ilikuwa haiishi kabla hajaijibu. Mimi siwezi, ile inasema tu, haikupi nafasi. Wewe mdomo wako ni ule ule wa mdogo wako. Namba tano ifute. Nne pia, sheria gani hiyo. Njoo Jumapili, dagaa wapo. Mawe nimeyatoa, yako juu ya kabati, tutayatia ukifika.