Ngiri ya Papa Émile

Symphorien Kalaba wa Kampemba, bwana wa tai na viatu vya kung'aa, alikuwa na ngiri. Ugonjwa usio na adabu, haukujali cheo. Hospitali ya kampuni ya shaba ingempasua bure kama angekuwa mfanyakazi wake, lakini Symphorien na kazi walikuwa hawajawahi kutambulishwa.

Jumamosi moja, katika baa ya mtaa wa Katuba, akamsikia karani mpole, Émile Bwalya, akilalamika. Alikuwa anakwenda likizo Pweto kwa wakwe zake. Akiugua huko, nani atamtibu? Kitabu chake cha matibabu kilitambuliwa na hospitali ya kampuni tu. Ukitoka nje ya mji, kilifaa kufungia samaki. Akakitoa mfukoni. Picha hakikuwa nayo, ila ukurasa wa tatu daktari alikuwa ameandika: "Ngiri. Apasuliwe." Symphorien akakaribia kupiga ishara ya msalaba.

Akasogeza kiti, akajitambulisha kuwa mjumbe wa Idara ya Matibabu ya Wasafiri, idara iliyokuwa imezaliwa dakika ile ile. Akaeleza, kwa uso wa askofu, kwamba kitabu kinabaki mjini kugongwa mihuri ya mikoa yote, na mwenyewe anasafiri na barua ya kufungua kila zahanati hadi ziwani.

"Nikirudi, nitakipata?" Émile akauliza.

"Papa Émile, miye niko muntu ya serikali."

"Basi kamata. Usikimbie, yaya, ndugu yangu. Fanya polepole."

Émile akamnunulia na bia juu. Symphorien akainywa kwa huruma, huruma ile ya mtu anayekula kuku wa jirani.

Wiki iliyofuata akapasuliwa kwa jina la Émile. Kisha wiki tano za shuka safi na uji wa maziwa, na muuguzi Clotilde akimwita Papa. Akaanza kufikiria kuleta na meno yatibiwe.

Siku ya kutoka, Clotilde akaja na karatasi, nyuma yake wanaume wawili wenye kofia za mgodini.

"Papa Émile, pongezi. Miaka mbili tunakuita upasuliwe, unatukimbia. Ngiri ndiyo ilikuwa inakuweka kwa biro, kwa kazi ya ukarani. Sasa uko muzima, unarudi chini ya mugodi, Kipushi. Kamio ya kukupeleka iko inje."

Symphorien akakumbuka ile bia. Na ile "fanya polepole".

"Mama, miye si Émile."

Clotilde hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Basi tulipasua nani?"

Lilikuwa swali zito, la kuulizwa seminarini. Symphorien akalitafakari. Jibu moja lilikuwa na jela, na wale wanaume wawili walikuwa wakimtazama kwa hamu ya kulisikia. Jibu la pili lilikuwa na giza la mamia ya mita.

"Émile," akasema kwa sauti ndogo. "Mulipasua Émile."

Akavishwa kofia. Ilikuwa ndogo kidogo.

Émile mwenyewe alikuwa Pweto, akianika samaki na shemeji zake, na inasemekana hakuugua hata siku moja.