Kirangozi wa Isevya Hapitwi

Jumatatu, 7 Mei 1973

Tabora haina habari kwamba hapa Isevya, katika chumba cha uani kwa dada Mwanahawa, analala mtu mkubwa kuliko stesheni yake ya reli. Mtu huyo ni mimi, Yahaya. Babu yangu alikuwa kirangozi. Ndiye aliyetangulia mbele ya misafara ya pembe toka hapa hadi Bagamoyo, kofia ya manyoya kichwani, simba wakimpisha njia. Simba mmoja alimpa shikamoo kabisa. Babu akaitikia marahaba, akapita.

Damu hiyo ninayo. Lakini wivu wa watu!

Leo katibu wa tawi, Ndugu Lugembe, kapita nyumba kwa nyumba na daftari lake, anaandika kazi ya kila mtu. Asiye na kazi atapandishwa lori la tarehe kumi na tisa akajenge taifa kijijini. Nikamwambia kazi yangu ni kutafakari. Akauliza hiyo inaandikwaje. Dada akadakia toka jikoni kwamba iandikwe "hana", na kwamba shemeji yetu Limbu kule Choma ana pamba inayoangukia chini kwa kukosa wa kuichuma. Dada wa tumbo moja!

Pamba! Mgongo huu haukuumbwa kuinama.

Nikajibu papo hapo: mimi ni kiongozi wa misafara. Ninaandaa safari ya milimani na mtoni. Kupanda kwa miguu, kushuka na maji juu ya chelezo. Lugembe akanitazama sana. Akasema haya, wanakisomo wa elimu ya watu wazima wanatakiwa kujifunza nje ya darasa. Niwapeleke, niwarudishe salama, naye ataniandikia kazi. Kwa sasa ameandika "hana" kwa penseli. Ufutio anao yeye.

Jumatano, 9 Mei

Mipango imekamilika. Tunakwenda Usinge. Sababu: treni inafika, mto upo, na hakuna mtu wa darasa lile anayepajua. Mimi napajua sana. Nilipapita kwa treni mwaka 1951, tena nimekaa dirishani.

Nimewahutubia wanakisomo. Mlima wa huko, nikasema, kileleni baridi hukata masikio. Mwalimu Josepha akauliza mlima unaitwaje. Nikamjibu kwamba wenyeji hawautaji jina, kwa heshima. Mabruki fundi baiskeli, ambaye anajiona profesa tangu aanze kusoma bila kufuatisha kidole, akauliza chelezo kitaundwa kwa kitu gani. Nikamwambia swali hilo limewahi mno. Watu wakacheka. Walicheka kwa furaha ya safari.

Nimetangaza na sheria ya misafara, ile ya babu: kirangozi hapitwi. Atakayemtangulia njiani, faini kuku mmoja.

Alhamisi, 10 Mei

Kofia ya manyoya ya babu imetoka sandukuni. Nyekundu na nyeusi, inang'aa kama ya jana. Dada akauliza sanduku lipi, maana toka nihamie kwake anauona mfuko tu. Mambo ya ukoo hayajibiwi jikoni.

Mabruki anazunguka mtaa mzima akimuulizia jogoo wake. Jogoo mwenyewe alikuwa na makelele kama bwana wake. Hata hivyo nimempa pole, nimelaani wezi, na nimejitolea kuongoza upelelezi. Tumekagua mabanda sita. Upande wa kwetu nilikagua peke yangu. Hakuna kitu.

Jumamosi, 12 Mei

Usinge! Tumeshuka treni watu tisa. Sijaweka mguu chini sawasawa, Mabruki kanipita mbio kwenda kumpokea Mwalimu mzigo. Nikamsimamisha mbele ya abiria wote: faini! Akasema sawa, atalipa siku jogoo wake akipatikana. Wakacheka tena. Nimeiandika hapa, isisahaulike.

Mwenyeji wetu ni Mzee Lukumani, mfuga nyuki. Nikamwamkia kwa Kinyamwezi. Naye akanijibu kwa Kinyamwezi, tena kingi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeafiki. Mwalimu akaninong'oneza kwamba mzee anauliza kwa nini nimebeba kuku kichwani.

Kuhusu mlima, Mzee Lukumani anasema haupo. Lipo jiwe. Tukalipanda jiwe. Katikati akanipita bibi mmoja na mzigo wa kuni, anakata njia kwenda kwake. Nikamdai faini. Akasimama, akaniambia, wewe mjukuu, kwanza shikamoo yangu iko wapi? Nikatoa shikamoo. Faini nimemsamehe kwa sababu ya umri.

Kileleni hapakuwa na baridi. Palikuwa na mbuzi. Nimewaeleza kwamba huu ni mlango tu. Mlima wenyewe uko nyuma, umefichwa na joto.

Jumapili, 13 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umekuwa andazi.

Asubuhi nilitangulia mtoni kuunda chelezo. Akili ikanijia kama radi: mizinga ya nyuki! Gogo lililotobolewa ndani, likazibwa huku na huku, lisipoelea hilo litaelea nini? Mzee Lukumani alikubali nitumie mizinga sita mipya iliyolala chini. Iliyo mitini akaikataza. Ni ya kijiji cha ujamaa, akasema, na wenyewe wamo ndani.

Sasa mizinga sita ikiunganishwa, chelezo kinalalia kushoto. Ilipungua miwili. Na miwili ilikuwepo, juu ya mti mfupi, inaniangalia. Nikaitegea sikio. Kimya. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Nikajiambia, Mnyamwezi na nyuki ni ndugu. Na hata kama wamo, maji yatawabembeleza. Nikaziba vitundu kwa udongo wa mtoni, nikaishusha, nikafunga yote kwa kamba za magome. Chelezo cha kifalme!

Tulipanda watu wanne: mimi mbele na kofia, Mwalimu Josepha na mwanakisomo mmoja katikati, Mabruki nyuma na mti wa kusukumia. Wengine wakatembea ukingoni wanapiga makofi. Tulikwenda vizuri kabisa, hatua thelathini hivi. Nilikuwa nawasimulia jinsi babu alivyovuka mto huu huu juu ya mgongo wa kiboko.

Tabia ya udongo ikiingia maji nilikuwa nimeisahau.

Kwanza nikasikia mvumo. Nikadhani walioko ukingoni wananiimbia. Kisha ndugu zangu wakatoka, wote, na hawakunitambua. Nikajitupa mtoni. Nilikuwa nimewaambia kina chake ni watu watatu waliosimamiana mabegani. Maji yalinifika magotini.

Hapa naandika kwa fahari: toka mtoni mpaka stesheni, mwendo wa nusu saa, hakuna hata mtu mmoja aliyenipita. Sheria ya babu imesimama! Mabruki ndiye aliyeharibu msafara. Alibaki nyuma. Eti anawasha majani mabichi apate moshi, eti anamwongoza Mwalimu na wenzake kutoka majini, eti anamsaidia Mzee Lukumani kuirudisha mizinga mtini. Watu wa namna hii ndio wanaochelewesha treni.

Jumatano, 16 Mei

Jicho moja limefunga duka. Dada ananikanda kwa maji ya chumvi. Mabega yake yanatikisika. Anasema ni kikohozi.

Mkutano wa tawi. Imefika barua toka Usinge, na Lugembe kwa makusudi kawapa wanakisomo waisome kwa zamu, kila mtu sentensi yake. Mama mmoja alihangaika na neno "wamehama" mpaka akalipata, akapigiwa makofi. Makundi mawili ya nyuki yamehama. Kijiji kinawashukuru wageni wote, na kinaomba yule mwenye kuku kichwani asirudi.

Nikasimama kujitetea. Nikasema sharti lilikuwa kuwarudisha salama. Wamevimba, lakini wamerudi wote. Lugembe akauliza ni nani hasa aliyewarudisha. Ukumbi mzima ukageuza shingo kwa Mabruki. Na yeye, mnafiki, akainamia chini kama bi harusi! Safari ijayo ataiongoza yeye.

Lugembe akaweka penseli mfukoni. Akatoa kalamu ya wino, akapitia juu ya lile neno "hana", taratibu, mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi, 19 Mei

Naandika juu ya lori. Herufi zikiruka, ni barabara ya Nzega. Dereva kanikatalia kiti cha mbele, ingawa nimemweleza kirangozi hukaa wapi.

Dada amenifungia mihogo na blanketi. Amelia. Au alicheka; kwa jicho moja sikuhakikisha. Mabruki naye kaja kuniaga, ana chupa ya asali toka kwa Mzee Lukumani, nipake nilipovimba. Akaomba aishike kofia ya babu. Akaigeuza, akaigeuza tena, akapitisha kidole kwenye manyoya, akanirudishia. Akasema, kaka Yahaya, umeitunza vizuri. Basi. Mtu wa ajabu.

Shemeji Limbu asijidanganye na pamba yake. Choma ng'ombe ni wengi. Ngozi ya ng'ombe ukiishona ukaijaza upepo, lazima ielee, na bwawa halikosekani. Abiria wenzangu nimeshawaambia kwamba serikali inanipeleka huko kuwa nahodha. Wawili wameamini.

Jambo moja tu, na liishie humu daftarini. Ile kofia haikutoka sandukuni. Jogoo wa Mabruki nilimkamata mimi, jioni ya Jumatano. Lakini si wizi! Jumamosi yake Mabruki alinitangulia stesheni, na faini ni kuku mmoja; mimi niliipokea mapema kidogo.

Nilimchemsha saa tatu nzima. Hakulainika.