Anayekoroma Alale Mlangoni

Jumatatu, 4 Agosti

Msiba! Fundi Saa amepita hapa saluni kuniambia safari ya mwaka huu tutakuwa watatu. Watatu! Tangu hatujaota hata ndevu tunasafiri wawili. Ikifika Agosti tunapanda basi, tunakwenda kulala siku mbili nyumba ya wageni ile ile ya mlimani, chumba kile kile. Tumeoa, tumezaa, tumeota vitambi, safari haijakatika. Leo eti anamchukua shemeji yake, yule muuza dawa anayejua kila kitu. Mkewe amemwomba, kaka yake mpweke. Nikasema hakuna neno, karibu kabisa. Moyoni nafoka.

Sikubali. Rafiki si jembe, useme tutaazimana.

Jumatano, 6 Agosti

Muuza Dawa kaja kunyoa. Kajileta mwenyewe! Nikasubiri wembe ufike shingoni, asiweze kuinuka, ndipo nikamnong'oneza siri ya Fundi Saa: anakoroma. Si kidogo. Mabati yanalia. Nikampa na ushahidi. Safari yetu ya kwanza, wageni wa chumba cha pili walitujia asubuhi macho yamevimba, wakauliza ni nani huyo. Kabla sijafumbua mdomo, Fundi Saa akasimama, akasema ni yeye, wamsamehe. Tangu siku hiyo tuna sheria: anayekoroma alale mlangoni, kwenye upepo. Mimi dirishani, penye godoro zuri. Hajawahi kulalamika.

Muuza Dawa akanishukuru kwa kumtahadharisha. Atabeba pamba za masikio. Pamba! Nikamkata kidogo sikioni. Bahati mbaya tu.

Nimemsimulia mama watoto. Akauliza mara mbili kama kweli Fundi Saa ndiye anayekoroma. Kisha huyo, akaenda kulala chumba cha watoto, anakolala miaka yote kwa sababu ya joto.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango wa pili. Nimempigia Muuza Dawa: basi la kesho limeahirishwa, litaondoka saa tatu badala ya saa moja. Ameshukuru sana. Maskini. Leo nitalala usingizi wa pono.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimelala usingizi wa pono kweli. Nikaamka jua limeshatoka, nikakimbia viatu mkononi. Kumbe Muuza Dawa alifika kituoni alfajiri kuhakikisha, kwa kuwa haamini habari za simu! Kakaa siti yangu, wanacheka na Fundi Saa. Mimi nyuma kabisa, juu ya injini, makalio yanaiva. Wahenga husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sioni kinanihusu nini.

Chumba kile kile, wameongeza kitanda cha tatu katikati. Muuza Dawa anasema, tena kwa sauti, kwamba mwakani yeye na shemeji yake wajaribu pwani. Wao wawili! Fundi Saa akaendelea kutandika kitanda chake cha mlangoni. Nilitaka kulia, naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nikimkosa huyu, nitasafiri na nani?

Nina silaha ya mwisho. Nitaacha simu inarekodi usiku kucha, asubuhi niwasikilizishe mezani. Mtu akisikia ule mngurumo mchana kweupe, hatataka pwani tena.

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi! Nimeamka mzima kama kigongo. Muuza Dawa amekaa kitandani, pamba mkononi, macho mekundu. Akaninyooshea kidole, akasema ni wewe! Mimi! Fundi Saa akadakia upesi: hapana shemeji, ni mimi, samahani sana. Nilimwonea huruma, kukiri mbele ya shemeji si mchezo. Muuza Dawa akamtazama yeye, akanitazama mimi, akafunga begi. Ameondoka na basi la mchana. Simu hata sikuihitaji.

Tumebaki wawili. Tumekaa barazani mpaka jua likazama, Fundi Saa anaifungua saa yangu na kuifunga, kama miaka yote. Nilifurahi mno. Yeye alipiga miayo kutwa nzima. Wakoromaji hawapumziki vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumbani. Nimeisikiliza ile rekodi kwa starehe. Mkoromo mtupu! Katikati, sauti ya Muuza Dawa inauliza: shemeji, unavumiliaje? Mwakani twende wawili. Na Fundi Saa, mkoromo ukiendelea pale pale, anamjibu aende mwenyewe. Yeye akikosa sauti hiyo hapati usingizi, hata nyumbani Agosti ikipita hulala vibaya.

Nimerudia tena na tena. Ajabu ya Mungu: jamaa anakoroma na kuongea kwa wakati mmoja! Tena hawezi kulala asipojisikia mwenyewe. Nimemsikilizisha mama watoto. Amecheka mpaka amekaa chini. Sijui maradhi ya watu yanamchekesha nini.

Nimekwenda dukani kwa Muuza Dawa kununua dawa ya kukoroma. Akaniambia nimeze mwenyewe. Ana kinyongo bado! Nimempelekea Fundi Saa, ameipokea kwa mikono miwili, kaahidi kuimeza yote. Nami nimeamua kuwa muungwana: mwakani akipona, nitamwachia kitanda cha dirishani. Siku moja.