Mimi Si Beberu Aliyeokolewa Bandarini

Bujumbura, Machi 2004

Kwa Mhariri wa tovuti ya Habari za Ziwani

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mtu ambaye wiki nzima hajalala vizuri. Jina langu ni Népomuscène Barutwanayo, wakala wa forodha hapa Bandari ya Bujumbura, Mkristo, sina pembe. Hilo nalisema mapema kwa sababu wasomaji wako wengi wanaamini vingine.

Beberu alianguka ziwani kutoka kwenye boti ya Kigoma, nami nikaruka nikamtoa. Mwandishi wako, dada Joëlla, aliandika makala nzuri, na kila kilichomo ni kweli. Sina ugomvi na makala. Ugomvi wangu ni vile vidude mlivyoizungushia: kichwa, maneno ya chini ya picha, nukuu ya herufi kubwa, na kile cha "soma pia". Maana makala yenyewe nani anaisoma? Saiba, vile vibanda vya intaneti, wanalipisha kwa dakika, laini ya simu inakatika ovyo, na siku hizi za vita mtu akifungua habari anatafuta kwanza kama kuna jina la ndugu yake. Akilikosa anamshukuru Mungu, anafunga.

Sasa Jumamosi naenda Kibenga kumposa Adélaïde. Tangu baba yake afariki, mwenye kusema ndiyo ni baba yake mkubwa, mzee Ildephonse, mfanyabiashara wa dagaa huko Kigoma. Mzee hajawahi kuniona. Alipoambiwa mchumba yumo kwenye intaneti, akaenda saiba kunitazama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kichwa chenu kinasema: "ALIYEANGUKA ZIWANI AOKOLEWA, ALA MAJANI". Ni nani huyo? Kiswahili chetu kinampa mbuzi ile ile "a" inayopewa mtu, na ninyi wasomi mnalijua hilo. Mngeongeza neno "beberu", herufi sita tu, zingewapunguzia nini? Mzee amempigia simu Adélaïde kumuuliza kama nilikuwa nimelewa, na kama kwangu kuna chakula.

2. Chini ya picha mmeandika: "Kushoto, Bw. Népomuscène, kulia, beberu ambaye mwenyewe hajajitokeza." Kushoto kwa nani, Ndugu Mhariri? Mmehesabu kushoto kwa beberu. Msomaji akitazama, kushoto yuko beberu, na mimi ndiye wa kulia, nimechuchumaa nakamua suruali. Kule Kigoma picha hushuka polepole kuanzia juu. Zikashuka pembe, yakashuka masikio, ndevu zikawa njiani, dakika za mzee zikaisha. Hapa bandarini nako wapakuzi wananiuliza kila asubuhi kama mwenyewe amejitokeza. Ikabidi Adélaïde aje awaambie, "Muache. Huyu iko na mwenyewe. Ni mi." Nilifurahi, siwezi kuficha, lakini nilifurahi nikiwa beberu.

3. Nilimwambia dada Joëlla maneno mengi ya maana juu ya usalama wa boti. Ninyi mkachagua haya, mkayakuza kama bango: "Alinipiga teke la tumbo, nikamkumbatia mpaka akatulia." Hamkusema nani. Mzee ana binti mmoja tu wa kuozesha. Mnadhani alielewa nini?

4. Chini kabisa, karibu na jina langu: "Soma pia: wakati mzuri wa kumhasi." Hili sitaki kulieleza. Mama yangu, huko Gasenyi, anangoja wajukuu, na jirani alimsomea mstari huo kwa sauti.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: kwanza, vidude vyote vifutwe, ibaki makala peke yake. Pili, mtoe cheti chenye muhuri kwamba mimi ni mtu. Tatu, kwa kuwa cheti nacho kitakuwa na kichwa, na kichwa mtakiandika ninyi, uje mwenyewe Kibenga Jumamosi, ukae upande wa ukoo wangu, usimame mbele ya wazee usome makala yote, neno kwa neno. Nne, wakiwa bado na shaka, beberu aletwe tusimame pamoja, wazee wachague.

Nampenda Adélaïde, Ndugu Mhariri. Nikimkosa kwa ajili ya herufi sita, hatutazikana.

Nisalimie dada Joëlla sana, mlinzi wenu wa mlangoni, na wote wanaoandika habari ndefu zisizosomwa. Aliyeandika maneno ya chini ya picha msalimie kidogo tu.

Wako mwenye miguu miwili,
Népomuscène Barutwanayo

P.S. Kabla sijafunga bahasha, mzee Ildephonse amepiga simu. Amekubali. Anasema ukoo mzima unazijua hasira za Adélaïde tangu utoto, na miaka yote wamekuwa wakitafuta mwanamume ambaye akipigwa teke atamkumbatia mpaka atulie. Kuhusu pembe, anasema ameshaona wakwe wabaya zaidi. Basi usiguse kichwa, wala picha. Nukuu mnaweza hata kuikuza. Ile "soma pia" tu ndiyo iondoke. Ninachoomba sasa ni makala ifutwe, yote, leo hii. Mzee anafika Ijumaa, na Destin, binamu yake Adélaïde, ana saiba mjini. Humo atasoma bure, mpaka mwisho, amjue aliyenipiga teke.