Picha za Ulanzi Zilizojileta Zenyewe

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo nimemiliki simu yenye kamera tatu. Tatu! Clement, fundi simu wa hapa Mlandege, amenifungulia hifadhi ya mtandaoni: picha ikipigwa, nakala yake inapaa yenyewe na kutunzwa mahali ambapo hata yeye hajapaona. Nilivua kofia.

Simu hii ina kazi moja. Bi. Atuganile, mwenye hoteli Mbeya, anatafuta mgema mmoja wa kumpelekea ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukiwa kwenye chupa. Waombaji watume picha kabla ya Ijumaa. Ulanzi wangu kwa sasa unanywewa na nguruwe wangu, kwa kuwa wateja wote huupita mlango wangu kwenda kwa jirani, Rozalia. Fedheha hiyo ifikie ukomo.

Jumanne, 11 Februari

Picha kumi na moja za chupa yangu. Zote zimefanana na mafuta ya taa. Mke wangu, Severina, aliuliza kwa upole kama ni dawa ya kuogeshea mbuzi.

Azimio: kuchunguza siri ya Rozalia. Nilijibanza nyuma ya uzio wake, nikampiga picha sita akikata vichwa vya mianzi na kufunga mbeta za kukingia ulanzi. Upupu ulinipata. Sikulia kwa sauti.

Jumatano, 12 Februari

Muujiza! Nimekuta hifadhini picha nne za ulanzi ambazo sikumbuki kuzipiga. Jua limepenya glasi hadi punje za povu zinahesabika. Hitimisho langu: hifadhi huzipokea picha duni, huzifua, huzipiga pasi, kisha humrudishia mwenyewe. Binadamu tumefika mbali!

Nimezituma kwa Bi. Atuganile pamoja na barua ya kurasa mbili, Yah: Maombi ya Heshima ya Kukidhi Kiu ya Wateja Wako.

Alhamisi, 13 Februari

Rozalia amekuja akicheka hadi kitenge kikamlegea. Simu yake pia iliandaliwa na Clement, naye Clement, kwa kukwepa usumbufu, amewafungulia wateja wake wote hifadhi moja! Picha zake zimeingia kwangu, zangu kwake.

"Mnyalukolo, ndugu yangu," alisema, "nimekuta mianzi yangu, mikono yangu, na kidole gumba chako. Nimezituma Mbeya pamoja na zile zangu za glasi. Sijawahi kupigwa picha nzuri vile!"

Nilimfahamisha kwamba nitamjibu kwa maandishi.

Ijumaa, 14 Februari

Bi. Atuganile amepiga simu. Amemchagua Rozalia. Picha za glasi zilimfikia kutoka kwa watu wawili, akaziweka kando. Zilizomgusa ni zile za mikono ikikata mwanzi. Akauliza kama namfahamu mpigapicha, maana ana jicho la ajabu na angempa kazi hotelini.

Nilikana. Mgema mwenye heshima zake haajiriwi kwa sababu ya kujibanza kwenye upupu.

Nguruwe wamekunywa debe zima. Wamelala kwa amani isiyostahili.

Jumamosi, 15 Februari

Clement amekiri kosa, akataka kunifungulia hifadhi ya peke yangu. Nimemkataza kwa barua rasmi. Asubuhi nimeipekua hii ya pamoja yote: harusi ya watu nisiowajua, mbao, ng'ombe, na picha saba za asali ya mtu wa Mafinga. Asali ile! Imening'inia kwenye kijiko kama dhahabu inayosita kudondoka. Nilisahau kupumua.

Nimekwisha kuwaandikia wenye maduka wa Mwanjelwa, kule Mbeya, kwamba ninauza asali, na picha nimeziambatisha. Mizinga nitaitafuta Jumatatu.